Daftari la Wakili Voorhis

Ofisi ilikuwa juu ya duka la matandiko ya farasi,
ngazi kumi na tatu, ya tisa imelegea.
Wateja wageni walijikwaa hapo, wakaingia wakilaani,
naye Lysander Voorhis, bila kuinua macho:
"Keti. Hasira umeiacha ngazini. Sasa tuongee."

Mimi karani wake, Amzi Teague,
mwana wa kinyozi, mwandiko mzuri, viatu vibovu.
Daftari la madeni nililishika mimi, na bado ninalo.
*Mjane Plummer, kesi ya nguruwe: gunia la viazi.*
*Ndugu Stroud, ua uliohama usiku: kuni, mikokoteni miwili.*
*Mmoja haujaletwa.*

Ile ya nguruwe ndiyo iliyomtoa.
Mnyama mmoja, wenyewe wawili, mashahidi wa kuapa tele.
Voorhis akaomba mahakama ihamie uani,
akafungua kamba, akasema: tumfuate.
Hakimu, wazee wa baraza, mbwa, watoto wa shule,
tope la Machi likitumeza hadi vifundoni,
maili moja na nusu nyuma ya mkia uliopinda,
mpaka kwa mjane, mpaka kwenye hori lake,
akala kama aliyetoka safari.
Haki ilipita njia hiyo, na harufu yake.

Basi Indiana ikamtuma Washington.
Aliondoka na koti jeusi la marehemu baba yake
na ahadi ya reli.
Ahadi ni deni,
lakini hiyo hakuniambia niiandike.

Reli ikaja kweli. Ikapita Corley, maili tisa kaskazini.
Alibadilishana nini na nani, sikujua, sijui.
Alirudi akasimama jukwaani, akaeleza saa mbili,
maneno yamepigwa pasi, hayana hata kunyanzi,
hadi Mjane Plummer akainuka kule nyuma:
"Lysander, mbona leo humfungui nguruwe?"
Tulicheka. Hata mimi nilicheka.
Kura zikafuata kicheko.

Chama hakimwachi wake chini; kikampa ubalozi.
La Paz, mji ulio juu ya mawingu ya watu wengine.
Barua zake zilifika baada ya miezi, zimenyauka:
*Amzi, huku maji huchemka kabla hayajawa moto.*
*Napanda ngazi za wizara, ya tisa nasimama.*
*Haijalegea. Ni pumzi tu.*

Kisha hii, ambayo naijua kwa moyo:
*Wenye migodi wawili, mmoja wetu, mmoja wao,*
*wanagombea nyumbu arobaini wa mizigo.*
*Nikakumbuka tope letu. Nikasema, wafungueni.*
*Mkalimani aliniuliza mara mbili kama nimesema hivyo.*
*Nyumbu hawakwenda kwa wetu, Amzi, wala kwa wao.*
*Walishuka bondeni kwa mchungaji, Saturnino Choque,*
*wakasimama mlangoni pake kama watoto waliochelewa.*
*Alikuwa hajalipwa miezi minane.*
*Kwenye ripoti nimeandika: shauri limemalizika kwa mwenye mgodi wetu.*
*Nimepongezwa kwa simu ya maandishi.*

Alirudi mzee, nishani ya fedha kifuani,
na watu wakamwita Mheshimiwa, wakampisha njiani,
lakini hakuna aliyempelekea kesi ya ua.
Siku moja akapanda, polepole, akapumzika ya tisa,
akaomba daftari.
Sijawahi kumwona akiliandika kwa mkono wake.
Alipofunga, wino ulikuwa haujakauka, ukapiga chapa ukurasa wa pili,
kwa hiyo deni lipo mara mbili,
moja sawa, moja kinyume:
*Saturnino Choque, miezi minane. Mdaiwa: L. Voorhis.*

Tulimzika Novemba, ardhi imekuwa jiwe.
Mjukuu wa Stroud alileta kuni, mkokoteni mzima,
akasema babu yake alimwagiza. Nimekata mstari hapo.
La Paz nimeandika barua tatu.
Ya tatu imerudi juzi, muhuri juu ya muhuri, haijafunguliwa.
Fedha imo.
Ngazi bado sijaipigilia msumari.